Siku Mama Mkwe Aliponisimamisha

Mimi ni dereva mzuri. Nimelisema hilo miaka mingi, mbele ya mke wangu, mbele ya mashemeji, hata mbele ya askari wa usalama barabarani, na hakuna aliyenibishia kwa muda mrefu. Sinywi nikiendesha. Nafunga mkanda hata nikilitoa gari getini kwenda kuliosha. Simu ikiita nikiwa kwenye usukani naiacha iite mpaka ichoke, hata kama ni mteja wa mabati, na wateja wa mabati hawapigi mara mbili. Kwa hayo nilijiona nimemaliza shule yote ya udereva.

Tabia yangu nyingine sikuihesabu kuwa kasoro. Ndani ya gari langu dereva alikuwa mmoja. Mke wangu akisema "punguza," naongeza kidogo, ili ajue. Akikanyaga sakafu kana kwamba upande wake nao una breki, namuuliza kama anataka tubadilishane viti. Baada ya miaka kadhaa aliacha kusema, akawa anasali kimoyomoyo, nami nikadhani sasa ananiamini.

Gari lenyewe ni otomatiki, lilitumika Japani kabla ya kunifikia mimi. Mvua za masika zilipokatika, taa nyekundu ilianza kuwaka kwenye dashibodi: duara lenye alama ya mshangao katikati. Ilianza kwa aibu. Nikikata kona inawaka, nikinyoosha inazima. Nilipandisha breki ya mkono na kuishusha, taa ikazima, nikajipongeza. Kesho yake ikawaka tena, nikapandisha na kushusha tena. Wiki mbili nzima nilikuwa nafanya mazoezi hayo ya mkono kuanzia nyumbani Kimandolu mpaka dukani kwangu Kwa Mrombo.

Fundi wangu, mtu mzima asiye na maneno mengi, aliiona siku moja nilipopita kwake kujaza upepo.

"Mzee, hiyo taa usiichukulie poa," alisema. "Mafuta ya breki yameshuka. Na yakishuka bila kuvuja, ujue pedi zimeliwa. Niachie gari saa moja tu nifungue matairi."

"Jumamosi," nikamwambia.

"Jumamosi ipi?"

Nilicheka, nikaondoka. Naye alicheka, ila si kwa sababu moja na mimi. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, na mimi nilikuwa na mawili.

Sasa niwaeleze kuhusu mama mkwe wangu. Anaishi juu, kwenye mteremko wa Meru, ukipanda kutokea Makumira mpaka pale migomba na mibuni inapoanza kubanana na baridi inakuingia mifupani. Ni mama wa zamani. Kwa malezi yake, mkwe wa kiume ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Hali nami meza moja. Kwenye gari hukaa nyuma, tena upande ule ambao kwenye kioo namwona bega tu. Akitaka kuniambia jambo humwambia binti yake, hata kama nimesimama hatua mbili kutoka alipo. "Mwulize baba kama ameshiba." Mke wangu ananigeukia: "Umeshiba?" Namjibu mke wangu, naye anapeleka jibu hizo hatua mbili. Tuliishi hivyo miaka kumi na minne kwa amani kabisa. Mimi ni Mchaga wa Rombo, nimekulia nyumba ya kelele, na utulivu ule niliupenda.

Mwaka huo mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Nyuso za watu zilikuwa zimebaki vivuli. Shambani alipapasa matunda ya kahawa kwa vidole ili ajue lililoiva. Hospitali moja ya mjini ilimpangia upasuaji wa jicho la kwanza Alhamisi asubuhi, na tuliambiwa wazi kwamba akikosa siku hiyo atasubiri miezi, maana daktari mwenyewe hutoka mbali. Mke wangu ni mwalimu, na wiki hiyo alikuwa anasimamia mitihani. Kwa hiyo nilipanda mlimani peke yangu kumchukua mama, na kwa mara ya kwanza tukawa wawili ndani ya gari, bila mtu wa kupeleka maneno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Hapo mazungumzo yetu yakaishia. Alikuwa amefunga mkungu wa ndizi kwa ajili ya binti yake, nikauweka kwenye buti. Ilikuwa Julai, ukungu umelala mpaka barabarani, nami nilikuwa na mafua mazito, pua zote mbili zimeziba. Nikafunga vioo vyote, tukaanza kushuka.

Lazima nikiri jinsi nilivyokuwa nikishuka mlima ule. Nilikuwa naweka nyutro. Unatoa gia, unaliacha gari litelemke kwa uzito wake, na mguu wako unacheza na breki tu. Madereva wa zamani walituambia ni njia ya kubana mafuta, nasi tukaipokea kama amri ya kumi na moja. Siku hiyo tulikuwa tumechelewa kidogo, nikaliacha gari lijiachie kidogo zaidi. Taa nyekundu iliwaka tangu mwanzo na safari hii haikuzima hata nikinyoosha. Nilipandisha breki ya mkono, nikaishusha. Ikabaki inaniangalia. Nikajitia hamnazo.

Tukiwa katikati ya mteremko, nikasikia mama anahangaika na mkoba wake. Alitoa simu yake ya kitochi, akabonyeza kwa muda kitufe kimoja ambacho binti yake alimwekea, akaanza kuongea Kimeru kwa sauti ya chini. Kimeru chao na Kichaga chetu cha Rombo ni ndugu wasiotembeleana. Nilidhani anauliza kama kuku wamepewa maji.

Alipokata tu, simu yangu ikaita. Mke wangu. Nikaiacha. Ikaita tena. Ilipoita mara ya tatu nilisonya, nikasema kwa sauti, "Huyu mwanamke anajua kabisa siongei na simu nikiendesha!"

Tukakata kona nyingine.

"Baba."

Nilitazama kioo. Hakukuwa na mtu mwingine humo wa kuitwa baba.

"Baba, simamisha gari. Kuna kitu kinaungua."

Miaka kumi na minne, ukiacha salamu, ndiyo mara ya kwanza ananiambia neno mimi mwenyewe, bila kulipitisha kwa mtu. Nadhani nilikanyaga breki kwa mshangao zaidi kuliko kwa utii. Kikanyagio kikazama mpaka sakafuni, laini, kama mguu ulioingia matopeni. Nikakanyaga tena. Matope. Mbele yetu, si mbali, kulikuwa na kona kali, na chini ya kona ile kuna korongo lenye mto.

Nashukuru kwamba mkono ulikumbuka kile ambacho kichwa kilikuwa kimesahau. Ulirudisha gia kutoka nyutro, ukaishusha mpaka ile ya chini kabisa. Injini ikapiga ukelele, gari likasita kama punda aliyevutwa kamba. Nikaanza kuvuta breki ya mkono kidogo kidogo, maana ukiinyakua ghafla gari linaweza kugeuka mzimamzima. Kisha nikalisogeza upande wa mlima mpaka ubavu ukaanza kusugua ukuta wa udongo. Kioo cha pembeni kilivunjika. Tukasugua, tukasugua, tukasimama.

"Mama?"

"Nipo."

Moshi ulikuwa unapanda kutoka magurudumu ya mbele. Mwanamke mmoja aliyekuwa shambani alikuja mbio na ndoo ya maji ili ayamwagie yale matairi. Nikamzuia, nikamwambia kwamba chuma kikiwa moto hivyo hakimwagiwi maji. Kisha nikampigia mke wangu.

"Mama ameniambia gari linanuka kama kahawa iliyoungulia kwenye kikaango!" alisema huku analia. "Nimekupigia mara tatu!"

"Si unajua siongei na simu nikiendesha."

"Najua," akasema.

Jirani aliyekuwa akishusha maziwa kwa pikapu alituchukua mpaka kwenye lami, tukapata taksi. Mama alikaa nyuma, kitenge mdomoni, amegeukia dirishani mpaka mjini. Hospitali walitufokea kwa kuchelewa, wakamweka wa mwisho kwenye orodha. Lakini alikuwemo. Nilikaa kwenye benchi la korido, nikimshukuru Mungu kwa lile benchi na kwa kila mtu aliyenipita.

Fundi alilifuata gari huko huko mlimani, akalivuta mpaka kwake. Kesho yake asubuhi nilipokwenda kulichukua, alinipa pedi moja mkononi. Haikuwa na kitu. Ilikuwa imebaki bati tupu, chuma kwa chuma.

"Ulishuka na nyutro?" aliuliza.

Nikaigeuza ile pedi mkononi.

"Mlima unashukwa na gia, mzee. Injini ndiyo ikushike, breki ikusaidie tu. Wewe umezipa pedi zilizokwisha kazi yote, zikachemsha mafuta ya breki."

Hakuitaja Jumamosi. Nilimshukuru kwa hilo kuliko hata kwa pedi mpya. Niliwasha gari nikiwa bado pale kwake, nikatazama dashibodi mpaka taa zote zikazima moja moja, na ile nyekundu nayo ikazima.

Hospitali mama alikuwa ameshafunguliwa bendeji. Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, anaigeuza mbele na nyuma. Aliponiona aliangalia chini haraka, ila nilikuwa nimeshaona kwamba ameniona. Akaingia nyuma, mahali pake pa siku zote, tukaanza safari ya kumrudisha. Mke wangu alikuwa bado na mitihani yake.

Tulipofika pale ukutani, udongo ulikuwa bado umechubuka, na vipande vya kioo vinameta kwenye majani. Nilisimamisha gari bila kuambiwa. Mama alishusha dirisha akatazama korongo. Analijua tangu akiwa binti, amechota maji huko chini. Alilitazama muda mrefu.

"Mama, asante," nikasema. "Umeniokoa. Asante sana."

"Nisamehe baba," alijibu. "Nilikupigia kelele."

Hakuwa amepiga kelele. Nikamuuliza jambo lililokuwa limenizunguka usiku kucha: ile harufu alianza kuisikia wapi? Nilitegemea aseme ni kona iliyopita, au ile ya kabla yake.

"Twende," alisema. "Nitakuonyesha."

Nikapanda polepole. Kwenye kona ya kwanza nilipunguza mwendo, nikatazama kioo. Alikuwa amesogea katikati ya kiti, namwona uso mzima, na akatikisa kichwa. Kona ya pili, bado. Ya tatu, ya nne, bado. Kwenye ya tano nikasema, "Mama, tusije tukapapita," naye akasema hatujapapita. Kadiri tulivyopanda ndivyo nilivyotamani aseme ni hapa, ili tusizidi kupanda. Ya sita. Ya saba. Kwenye ya nane tulikutana na watoto wanatoka shule, wakasimama pembeni na kutupungia, na mama akawapungia. Baada ya kona ya tisa, mbele ya mashine ya kusaga, karibu kabisa na kwake, aligonga kiti changu kwa kidole.

"Hapa."

Nilizima injini.

"Tangu hapa, mama? Mbona hukusema?" Na kabla hajajibu nikamtafutia jibu mimi mwenyewe, kwa sababu nililihitaji. "Ni mila. Naelewa."

"Mila haikatazi mtu kusema moto," alisema taratibu, kwa Kiswahili, ili nisikosee. "Binti yangu aliniambia hupendi kuambiwa ukiwa unaendesha."

Basi kona tisa mama yule alikaa nyuma yangu, haoni, ananusa, anapima hasira yangu na kifo chetu sisi wawili, na kona zote tisa hasira yangu ndiyo iliyokuwa nzito. Namshukuru Mungu kwamba kabla ya ile ya kumi alichoka kuniogopa.