Dawa Niliyomgawia Wifi Perisi

Asubuhi ile naikumbuka kama nimetoka huko sasa hivi. Tumekaa kwenye benchi la hospitali kubwa ya Dodoma, ile ambayo madaktari wanasomea humo humo, mimi na wifi yangu Perisi, kila mmoja kabana pamba mkononi pale alipotolewa damu. Perisi ni dada wa marehemu mume wangu. Tumekaa naye ua mmoja hapa Hombolo tangu nilipoolewa, tumelima zabibu pamoja, tumezika pamoja, na presha nayo tukaipata mwaka mmoja kama tuliopanga.

Nakuandikia haya, mwanangu, kwa sababu juzi nimewaona vijana wa utafiti wamerudi kijijini na mabegi yao, na nimewaona ninyi mkiwapita pembeni. Mmoja wenu akasema hao wanakuja kunyonya watu damu. Mwingine akasema, jiandikishe tu, chochote watakachotoa tutagawana. Yule wa kwanza nilimcheka. Huyu wa pili hakunichekesha hata kidogo, maana mimi ndiye niliyegawa.

Ulikuwa utafiti wa dawa ya presha. Daktari Baraka, kijana mwembamba wa umri wa kitindamimba wangu, alituamkia shikamoo mmoja mmoja, kisha akatueleza taratibu. Wengine tutapewa dawa mpya, wengine dawa iliyozoeleka, na makopo yote yanafanana. Mgonjwa hajui anameza ipi, na hata yeye daktari hajui, asije akaipendelea moja.

"Sasa kama wewe mwenyewe hujui," akauliza mzee Hamisi wa Kondoa, "nani anajua?"

Daktari akasema wapo wanaoitunza hiyo siri, na siku ikihitajika inafunguliwa.

"Haya," mzee Hamisi akasema. "Nilidhani nimekuja kwa daktari, kumbe nimekuja kwenye bahati nasibu."

Tukacheka benchi zima, na daktari naye akacheka.

Majibu ya damu yalipotoka tukapokelewa saba. Nawakumbuka wote: Damari wa Makutupora, mzee Hamisi, Yunisi na Tabita wa Nzuguni, Mama Sadiki wa Chemba, mzee Lameki ambaye ilibidi kumwambia kila kitu mara mbili, na mimi. Perisi hakupokelewa. Sista Agripina, nesi mkubwa wa chumba kile, alimwambia kwamba figo zake zimechoka, kwamba dawa ile si ya mtu mwenye figo kama zake, na kwamba aendelee na vidonge vyake vya zahanati. Alimwambia kwa upole. Lakini Perisi hakusikia habari ya figo. Alichosikia ni kwamba jina lake halimo.

Tulipofika Hombolo, uani, akaweka mtandio wake chini akasema, "Wewe umeandikwa, wifi. Mimi basi."

Hapo, mwanangu, lazima nikurudishe nyuma sana, la sivyo utaniona mjinga tu. Ujinga ulikuwepo, sikatai, lakini ulikuwa na chanzo chake.

Nilikuwa msichana wa miaka kama kumi na miwili, nimeishia darasa la nne, mwaka wa njaa. Yakaja mahindi ya njano ya msaada. Balozi wetu wa nyumba kumi alisimama na daftari akasoma majina, na jina la jirani yetu Mama Mbeleje halikusomwa. Sijui lilirukwa, sijui alichelewa kujiandikisha. Alibaki amesimama na debe lake tupu mpaka watu wakaisha. Mama yangu alipofika nyumbani hakukaa hata kunywa maji. Alimwaga mahindi yetu juu ya ngozi ya ng'ombe, akayapima mafungu mawili, akaniambia nipeleke moja.

"Daftari limemruka," akasema. "Na sisi tumruke?"

Nililibeba lile fungu kichwani nikijiona mtu mzima. Ndivyo tulivyoishi katika nchi hii isiyo na mvua ya kutegemea. Aliyeandikwa anamlisha asiyeandikwa, na mwakani huenda mambo yakageuka. Sikuwahi kufundishwa kitu kingine kilichoniingia kama hicho.

Basi Perisi aliposema "wewe umeandikwa," mimi sikuona dawa. Niliona mahindi.

Nikafungua kopo langu. "Leo mimi, kesho wewe," nikamwambia. Akakataa, ile ya adabu, kama mtu anavyokataa chakula ambacho atakula. Kisha akameza.

Tukaenda hivyo miezi mitatu. Kila mwezi narudisha kopo tupu hospitali, na Sista Agripina ananifunga ule mpira wa mkononi, anatazama mashine, anakunja uso.

"Mama Stefano, presha yako haishuki. Unameza kila siku?"

"Kila siku, sista."

"Hujasahau hata siku moja?"

"Nisahau vipi, na ndiyo kazi niliyobaki nayo?"

Akacheka, akaandika. Aliuandika uongo wangu kwa mwandiko mzuri kabisa. Wala sikujisikia vibaya. Nilijisikia kama nilipokuwa na fungu lile la mahindi kichwani.

Ulipofika wakati wa kuvuna zabibu, Perisi akaharisha siku mbili. Nikamwambia alale, akasema zabibu haziwezi kumsubiri. Vidonge vya zahanati akameza, na changu akameza, kwa sababu ilikuwa zamu yake. Kama saa nne asubuhi nikasikia binti yake Nyemo anapiga kelele katikati ya mizabibu. Tukamkuta Perisi amelala chini, kikapu kimemwagika, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Mnunuzi mmoja aliyekuwa anapakia gari lake alishusha makreti yote chini bila kuombwa, akatupeleka mjini. Anaitwa Elisha. Siku ile alipoteza zabibu nyingi kwa jua, na hajawahi kunikumbusha.

Hospitali wakampokea kwa kukimbia. Daktari mmoja wa kike akamwekea nyaya kifuani, akatazama, akasema moyo unapiga ovyo. Akatugeukia.

"Anatumia dawa gani?"

Nyemo akafungua fundo la khanga yake akatoa vidonge vya zahanati.

"Ni hizi tu?"

"Ni hizi tu, daktari."

Daktari akavigeuza mkononi. "Hizi peke yake hazimfikishi mtu hapa. Fikirini vizuri. Hakuna nyingine? Mitishamba? Chochote?"

Perisi alifumbua macho. Nilikuwa nimemshika mkono, akanibana kidole kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akaniambia kwa Kigogo, polepole, "Nyamaza, wifi. Watakutoa."

Nikwambie kweli, mwanangu, kwa sababu hii barua haina maana nisipoisema kweli. Nilinyamaza. Haikuwa muda mrefu, labda kama wa kumenya karanga mbili tatu, lakini nilinyamaza. Nilifikiria watanifuta. Nilifikiria sitapata tena daktari wa kuniamkia shikamoo na kuniuliza nimelalaje. Nilifikiria polisi, maana sahihi yangu ilikuwa kwenye karatasi zao. Yote hayo nikiwa nimemshika mkono mtu anayekufa, na yeye anayekufa ndiye ananihurumia mimi.

"Anameza dawa yangu," nikasema. "Ile ya utafiti. Miezi mitatu sasa. Nampa mimi."

Nyemo alinitazama mpaka nikatazama sakafu. Daktari yule hakunifokea. Aliniuliza namba ya kopo, nikamtajia, akatoka mbio. Wakampigia Daktari Baraka, naye akawapigia wale wanaotunza siri ya makopo, na siri ya kopo langu ikafunguliwa siku ile. Ilikuwa dawa mpya, ile ile isiyotakiwa kwa mtu mwenye figo zilizochoka, achilia mbali aliyeharisha na kuishiwa maji mwilini. Walipolijua hilo wakajua pa kuanzia. Wakamchoma sindano ya kuutuliza moyo, wakamwekea dripu, na jioni ile wakamwunganisha na mashine ya kusafisha damu. Daktari wa kike aliniambia baadaye kwamba kama wangeendelea kubahatisha, moyo usingewasubiri.

Sista Agripina alinikuta kwenye benchi la nje. Akakaa karibu yangu, akavua miwani.

"Mama Stefano, unajua mimi nimezaliwa wapi? Mpwapwa. Hayo mahindi ya njano nimeyala." Maana nilikuwa nimeshamweleza yote, mpaka ya Mama Mbeleje. "Sasa nisikilize. Mahindi unaweza kumpa yeyote mwenye njaa. Ile damu tuliyowatoa asubuhi ile, ulidhani tunatafuta wa kumnyima? Perisi tulimkataa ili tusimuue."

Nikautazama mkono wangu, pale nilipobana pamba asubuhi ile.

"Na mimi," akaendelea, sasa kwa ukali, "miezi mitatu nimeandika nini? Nimeandika kwamba mama huyu anameza kila siku na dawa haimsaidii. Karatasi yako inajumlishwa na za wenzako. Kuna mtu hajaja hapa, hata jina lake hatulijui, atatibiwa kwa kufuata hicho nilichoandika. Na huyo naye umemgawia."

Nililia, mwanangu. Mama mzima, bibi wa wajukuu watatu. Sista akanipa kitambaa chake, akakaa nami mpaka nikamaliza, wala hakusema "usilie."

Daktari Baraka alipokuja nilisimama nikijua nafukuzwa. Akaniamkia kama kawaida yake. Akasema wataandika kilichotokea kama kilivyotokea, na wakubwa wa utafiti ndio watakaoamua kama nitaendelea na kopo. Lakini kutibiwa nitatibiwa pale pale, kama ambavyo ningetibiwa hata ningeukataa utafiti siku ya kwanza. "Tulikuambia hivyo, mama," akasema. Na kweli walituambia. Mimi sikuwa nasikiliza, nilikuwa nasubiri kopo.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Akasema na wao wamekosea. Walimkataa Perisi kwa dakika mbili na kumwacha arudi nyumbani na uchungu wake. Tangu hapo, anayekataliwa pale anakaa na mtu, anaelezwa mpaka aelewe, na anapewa siku ya kurudi kwa ajili ya ugonjwa wake mwenyewe. Najua kwa sababu Perisi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupewa siku.

Ndiyo, alipona. Siku ya tano aliomba uji wa uwele, akaulalamikia kwamba hauna ladha, nikajua amerudi.

"Nilikuambia unyamaze," akaninong'oneza.

"Ungekufa."

"Ningekufa mimi, wewe ungebaki na dawa yako."

"Nibaki na dawa peke yangu ua mzima? Nigombane na nani?"

Alicheka mpaka nesi akaja kutazama nyaya.

Wakubwa waliamua niendelee, nikameza peke yangu, na presha ikashuka. Utafiti ulipoisha walituita tena wote, wakatueleza walichokipata. Sikutegemea watatuita, nilizoea watu wa daftari wanaochukua majina na kupotea. Walisema dawa ile inawafaa wengi, na walisema pia ni nani haimfai, na wakalieleza hilo kwa kirefu sana. Mzee Lameki akataka aelezwe mara ya pili, akaelezwa. Leo nikienda kuchukua dawa yangu mwenyewe, wanampima mtu figo kwanza, na mimi najua mmoja wa watu waliosababisha wapime kwa makini. Anakoroma chumba cha pili.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Wakija wale vijana na mabegi yao, usiwapite pembeni. Wape kigoda, waulize maswali yote hata yale ya aibu, na kama hutaki waambie hutaki. Hawatakunyima matibabu kwa hilo. Lakini ukishakubali, waambie kweli. Kidonge ulichosahau, pombe uliyokunywa, dawa ya mizizi uliyopewa na bibi yako, yote waambie, maana hawana macho mengine zaidi ya mdomo wako. Unga gawa, maji gawa, hata godoro gawa. Dawa yenye jina lako usimpe mtu, hata unayempenda kuliko wote, na huyo ndiye hasa usimpe. Na jirani yako akikataliwa, usimfungulie kopo lako. Mshike mkono, rudini wote wawili mlango ule ule mkaulize kwa nini, na msitoke mpaka mmeelewa.

Nami namshukuru Mungu kwa Agripina na ukali wake, kwa Baraka na adabu yake, kwa Elisha na makreti yake, na kwa yule daktari wa kike, Daktari Neema, aliyeuliza mara ya pili. Mungu akupe na wewe watu wa namna hiyo katika njia yako. Akupe mwili wenye nguvu na moyo uliotulia kifuani. Na siku utakapokosea kwa kupenda, kama nilivyokosea mimi, akujalie kusema mapema, na yule uliyemkosea awe bado anasikia. Amina.