Sauti ya Mama Niliyoiacha Bila Mlinzi

Kosa ni langu, wala sitamsingizia shetani. Mimi ndiye niliyepoteza sauti ya mama yetu.

Nina duka la kompyuta hapa Kitale. Bando za intaneti zilikuwa zikiisha upesi, basi nikaweka mashine moja kuukuu katikati ya kompyuta zangu na mtandao. Kazi yake ilikuwa kuhifadhi kila kilichopakuliwa, ili kikiombwa tena, itoe nakala iliyo nayo. Nilijiona fundi kweli kweli.

Haikupita wiki, antivairasi, zile programu za kuzuia virusi, zikaanza kulalamika kwamba zimeshindwa kujisasisha. Nikazitoa, nikaziweka upya. Wapi! Nikampigia simu mzee wa Bungoma aliyenifunza kazi hii.

"Hiyo mashine yako inazipea orodha ya virusi ya kitambo," akaniambia. "Hebu wacha antivairasi ziende mtandaoni moja kwa moja."

"Ai, mwalimu, si hiyo mashine niliunda mimi mwenyewe? Iko sawa."

Kichwa kigumu! Nikazima alama nyekundu ya onyo ya antivairasi isinisumbue, nikasahau.

Mwezi huohuo dada yangu mkubwa, Nasimiyu, alikuja kutoka Kanduyi na simu iliyopasuka kioo. Ndani mlikuwa na sauti ya mama, aliyoirekodi kabla hajatuacha, akieleza kila mjukuu alipewa jina la nani katika ukoo na kwa nini. Mambo hayo aliyajua yeye tu. Dada alitaka wajukuu waisikie siku ya kumkumbuka.

Nikainakili kwenye kompyuta ya duka. Nikamwambia, "Futa tu kwa simu, dada, upate nafasi. Iko salama kwangu." Akafuta palepale, mbele yangu.

Siku chache baadaye mteja alichomeka flashi yake, na virusi vikaharibu faili zote. Antivairasi haikuvitambua, maana orodha yake ilikuwa ileile ya zamani. Nilihangaika siku tatu, sikuokoa hata neno moja. Halafu nikafanya alivyosema mwalimu wangu. Ilichukua dakika mbili. Nililia nikiwa nimeshika kipanya.

Siku ya kumbukumbu nilisimama mbele ya jamaa nikakiri. Nasimiyu hakunigombeza. Aliniuliza tu, polepole, "Si ulisema iko salama?" Heri angenitukana. Tangu hapo tunasalimiana kama majirani.

Wenzangu, kifaa kikikuonya, usikinyamazishe ukadhani umekitengeneza. Na usimwambie mtu afute chake kwa sababu wewe unajiamini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila mimi niliwavunja na wasiokuwepo nilipoonywa.

Wiki jana binti mdogo wa Nasimiyu alinipigia simu. Mwalimu wao amewaambia waandike habari za majina yao.

"Anko, mama anasema hajui. Ati mimi niliitwa jina la nani?"

Nikamwambia nitamuuliza mtu. Amepiga tena leo asubuhi, na sijapokea.