Mpanda Farasi Aliyekosa Pete

Harufu ya ngozi iliyolowa kwa fundi viatu wa Porte de Namur hunirudisha utotoni, kwenye uwanja wa Koekelberg, siku moja ya tamasha lenye mvua. Wapanda farasi waliovaa mahameli walishindana kutungua kwa mkuki pete iliyoning'inizwa juu. Mmoja, mzee, aliikosa, akaanguka matopeni mbele yetu. Watu wakacheka. Mama, ambaye tangu tufike Ubelgiji alikuwa hajazungumza na mtu nje ya nyumba yetu, akapita chini ya kamba iliyotuzuia sisi watazamaji.

"Maman, rudi!" nilimwita.

Akamfuta mzee uso kwa kitenge chake. "Pole, papa. Umeumia?"

Mzee hakujua Kiswahili, lakini alitikisa kichwa, akamshika mkono, akainuka. Alipopanda farasi tena alimwinamia mama, kisha akatimua mbio. Akaikosa tena. Mama peke yake akapiga makofi, kwa nguvu, kama vile ameitungua.