Shavu la Kupimia Karatasi

Juzi shuleni nilikutwa chooni nikijipapasa shavu kwa karatasi mpya ya choo. Wenzangu wanacheka hadi leo, na waendelee. Harufu ile ya karatasi na gundi ilinirudisha utotoni, Mji wa Kale, katika chumba cha chini ambamo jamaa zangu walitengeneza karatasi za choo.

Nyumbani sote twatumia maji, wallahi. Tulikuwa tukiuza kitu tusichokitumia! Ndiyo maana nyanya alikuwa na kipimo chake: kila karatasi mpya ilipitishwa kwanza shavuni pangu.

Siku moja mkokoteni ulikuwa ushapakiwa, na ami, mdogo wake baba, alikuwa ameiahidi hoteli mzigo kabla ya adhuhuri. Nyanya akanipapasa kwa karatasi.

"Yakwaruza," nikasema.

Ami akaruka. "Mama, tuipoteze hoteli kwa neno la mtoto?" Akajisugua mwenyewe. "Laini kama pamba!"

"Wewe una ndevu kama fagio," nyanya akamwambia. "Utajuaje?"

Baba akanitazama, nami nikaogopa hata nikataka kubadilisha maneno. "Mwanangu, yakwaruza kweli?"

"Kweli, baba."

Akapiga simu hotelini, akaomba wangoje hadi kesho. Wakakubali shingo upande. Kisha akaanza kupakua, na ami naye, akinung'unika. Alhamdulillahi kwa watu wale: sikuwa hata na meno ya mbele, na wanaume wazima walikuwa wakishusha mzigo kwa neno langu.