Wimbo Nilioupeleka Mtaa wa Pili

Je, mtu aweza kuiba kilicho chake? Swali hilo, mwanangu, lilininyima usingizi wiki nzima nilipokuwa msichana hapa Malindi, kabla ya vita vya Mjerumani. Nakumbuka vyema lilivyoanza.

Wakati ule lelemama, ngoma ya wanawake, ilikuwa imeushika mji. Kila mtaa wanawake walikuwa na chama chao cha ngoma, leso zao za sare, na pembe zao za nyati za kupiga kwa vijiti. Vyama viwili vikishindana, wimbo mpya ulifichwa hadi siku yenyewe. Wapinzani wakitangulia kuuimba wimbo wa chama chenu, basi mmeaibika.

Mimi nilikuwa nimehitimu chuo cha Kurani, najua kusoma na kuandika, na kila jambo nikiligeuza kama andazi mafutani. Wimbo wa mwaka ule niliutunga mimi, beti sita. Kisha kiongozi wetu, Bi Rukia, akampa Kadzo auimbe.

"Sauti yako, Mwanaisha, ni ya kusomea," akaniambia. "Ya Kadzo ni ya kuimbia."

Wanawake wakacheka. Nami nikacheka nao, huku kifua kinawaka. Kadzo alikuwa binti wa mama wa Kigiriama aliyepitisha kuku wa kuuza mitaa yote, naye Kadzo hakujua hata alifu. Lakini akifungua kinywa, watu waliacha kahawa ikapoa. Haukupita muda wakaanza kuuita "wimbo wa Kadzo".

Hapo nikafikiri mpaka nikapotea. Maneno ni yangu, nikajiambia, nampa nimtakaye. Nikaziandika beti zote sita, nikazipeleka mwenyewe kwa kiongozi wa chama cha mtaa wa pili, wapinzani wetu.

Siku ya ngoma wao ndio waliotangulia. Waliimba wimbo wetu, neno kwa neno. Kadzo alisimama na pembe mkononi, midomo imemkauka.

"Kumbe yule mama hauzi kuku tu huko," mmoja wetu akasema.

"Auza na beti," mwingine akamjibu.

Bi Rukia akamnyang'anya Kadzo pembe. Kadzo alinigeukia mimi. "Mwanaisha, wewe wanijua. Waambie."

Nikatazama chini.

Wiki ile nilijitetea kwa kila hoja. Sikusema uongo, nimenyamaza tu. Wimbo si mali ya chama, ni wangu. Lakini kila asubuhi mamake alipita akinadi kuku, na hakuna mlango uliofunguliwa mtaani kwetu, hata wetu.

Siku ya nane, wanawake walipokutana kwa Bi Rukia alasiri, nikasimama nikasema, "Aliyeupeleka ni mimi."

"Siku ile ulikuwa na ulimi," Bi Rukia akasema. "Mbona umeuleta leo?"

Akamrudishia Kadzo pembe yake, nami nikakatazwa kuingia chamani mwaka mzima.

Mwanangu, unatunga na kuimba katika mji ambao kila siku unazaa fundi mpya wa nyimbo. Wivu utakujia, tena utakuja na hoja nzuri, hasa ukiwa msomi. Usikae nao kujadiliana, maana utakushinda kwa maneno yako mwenyewe. Wala usingoje uishe ndipo umtendee mwenzio haki. Tenda nao ukiwa bado umo kifuani. Mola akupe kazi njema ya mikono yako, na akupe moyo wa kuisikia ikisifiwa kwa jina la mwingine.

Ama mimi, mwaka ule niliokatazwa chamani nilitunga beti nyingine. Kila alasiri nilikwenda kwao Kadzo nikamsomea, ubeti kwa ubeti, mpaka akazishika zote. Mwanzo hakunijibu salamu, lakini maneno aliyachukua. Siku ya ngoma iliyofuata nilisimama nje na watazamaji. Aliziimba vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza kamwe. Iliniuma, mwanangu, iliniuma sana, nami nikapiga kigelegele.