Mbuzi wa Mama Nakiru na Fyuzi ya Thelathini

Mwanangu, kuna siku moja ninayoikumbuka kila ninaposhika fyuzi iliyoungua, na nataka uijue kabla hujafungua gereji yako.

Nilikuwa ndio kwanza nimerudi Lodwar kutoka Nairobi na diploma ya umeme wa magari. Hakuna aliyenilipia karo. Nilibeba saruji mchana, nikasoma jioni. Mpaka leo, waulize watu, gari likiwashinda mafundi wa Kakuma huletwa kwangu. Lakini wakati huo diploma ilikuwa mpya, na masikio yangu yalikuwa yamezibwa nayo.

Mama Nakiru, mjane aliyenunua mbuzi vijijini na kuwauza Kakuma, alileta pikapu yake kuukuu. Fyuzi ya taa za nyuma ilikuwa ikiungua kila mara. Pikapu hiyo ndiyo iliyowalisha watoto wake.

"Ejok, fundi," alinisalimu kwa Kiturkana. "Ikiwa tupu haina shida. Nikibeba mbuzi tu, taa zinakufa."

"Mama, kwani mbuzi wanajua umeme?" nikamjibu, na waliokuwa gereji wakacheka.

"Mimi nakuambia kile naona."

"Wewe uza mbuzi. Umeme niachie mimi."

Nilipima nyaya na taa zote nisione kitu, kwa sababu gari lilikuwa tupu. Nikaona aibu kusema sijui. Nikatoa fyuzi ya ampea kumi, nikaweka ya thelathini, nikamwambia, "Hii haitaungua tena." Kweli, haikuungua. Kilichoungua ni gari.

Kesho yake, karibu na Kakuma, moshi ulitoka chini ya sehemu ya mizigo. Mama Nakiru aliruka nje akaanza kukata kamba, lakini mbuzi sita walikuwa bado wamefungwa moto ulipofika kwenye tangi.

Nilipopata habari na kufika pale, nilimkuta Mzee Ewoi, fundi wa Kakuma ambaye hakukaa darasani hata siku moja, amechuchumaa kando ya mabaki. Akanionyesha chuma walichofungiwa mbuzi. Waya wa taa ulipita hapo hapo. Mbuzi wakivuta, kamba ilisugua waya mpaka shaba ikagusa chuma.

"Mimi ningeweka balbu mahali pa fyuzi," alisema, "halafu nivute hizi kamba kama mbuzi. Ikiwaka, waya umegusa chuma, nimeshika mwizi. Huyu mama hakukuambia habari ya mbuzi?"

"Aliniambia."

"Basi alikuwa amekutafutia tayari. Wewe ulikuwa unatafuta nini?"

Mimi mwenye diploma nikachuchumaa kando yake, nikautazama ule waya.

Mama Nakiru hakupata gari lingine. Kwa miaka mingi aliswaga mbuzi wake kwa miguu hadi soko la Lodwar, akipita mbele ya gereji yangu. "Ejok, fundi," angesema, bila hasira, nami ningeinamia injini nijifanye sijamsikia. Alishazikwa. Neno la kumwomba radhi bado ninalo mdomoni.

Kwa hiyo, mwanangu, fyuzi ikiungua usiweke kubwa zaidi ili inyamaze. Muulize mwenye gari shida ilianza lini na alikuwa amebeba nini, kisha umsikilize mpaka amalize, hata kama hajui kuandika jina lake. Na ukimkosea, mwendee siku hiyo hiyo, akiwa bado anakusalimu.

Mungu akupe mikono mizuri kama yangu, na masikio ambayo mimi sikuwa nayo. Kila gari utakaloligusa limfikishe mwenyewe nyumbani.