Jina Ambalo Sikuliandika

Nakumbuka Jumapili moja ya mavuno ya maharagwe, mwanangu, pale Burungu, kanisa letu dogo la mbao lilipojaa wakimbizi kutoka upande wa Walikale. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu wa shule ya msingi na msomaji wa Neno. Karibu na altare alikaa mama mmoja mwenye mikono iliyoungua. Alikuwa amejaribu kuwatoa watoto wake katika nyumba iliyochomwa na watu wenye bunduki. Alimtoa mmoja tu.

Baada ya sala nilisimama. Nikasema kwamba Mungu atatuuliza tulikuwa wapi jirani yetu alipochomwa. Nikasema kuna kunyamaza ambako ni kuua. Kila neno lilikuwa la kweli, mwanangu, na hata leo silikani hata moja. Hilo ndilo linaloniuma. Watu walilia. Vijana wakaanza kuinua mikono waende vitani, nami, kwa kuwa nilikuwa na daftari na biki, nikaandika majina yao.

Rafiki yangu Bahati aliinua mkono. Nikamwandika. Nyuma yake mdogo wangu, wa tumbo moja nami, naye akainua. Nikajifanya natafuta ukurasa mpya, kisha nikafunga daftari. Jina langu mwenyewe sikuliwaza hata kidogo. Nilijiona mtu wa kuwaamsha wengine.

Mama yake Bahati alikuwa ameona. Kesho yake alikuja shuleni, akasimama mlangoni mbele ya wanafunzi wangu.

«Mwalimu, jana uliongea muzuri. Mimi mwenyewe nililia.»

«Aksanti, Mama.»

«Ila mudogo wako aliinua mukono. Biki iliisha wino?»

Nikamwambia mdogo wangu anamsaidia mama yetu kulima.

«Na Bahati wangu iko anasaidia nani? Mbuzi?» Watoto wakacheka. Yeye hakucheka. «Wa kwangu njo wa kufa, wa kwenu njo wa kulima?»

Bado nilikuwa na nafasi ya kufuta jina moja au kuongeza mawili. Sikufanya lolote. Nilimjibu kwa Maandiko, Mungu anisamehe.

Vijana wale wakaenda vitani. Majuma ya kwanza walifanya walichoahidi: kijiji kimoja cha msituni kilipona kwa sababu yao, na kwa kila nafsi iliyopona ninashukuru. Kisha njaa ikawafikia. Wakaomba muhogo, baadaye wakaudai, mwishowe wakaweka barieri njiani, hakuna kupita bila kuacha kitu. Hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiria ni nani atakayewaambia imetosha, rudini. Yule mama wa mikono iliyoungua alipojaribu kurudi kwao, walimnyang'anya mbegu zake za maharagwe. Bahati alikuwa miongoni mwao.

Mama yule alirudi kuniambia, bila hata kupaza sauti: «Mwalimu, wale wa kwanza walichoma nyumba. Hawa wenu wamekula mbegu. Sasa utatutumia nani?»

Bahati aliuawa mwaka ule ule. Mama yake alikufa bila kuonyeshwa kaburi. Mdogo wangu ana wajukuu sita. Namshukuru Mungu kwa ajili yao, na kila ninaposhukuru naona haya.

Siku hizi nawasikia tena vijana, hapa na kule Lushebere, wakisema maneno yangu yale yale, tena kwa ufasaha kunishinda. Sikuambii, mwanangu, kwamba vita haviwezi kamwe kuwa vya haki. Mtu anayechomewa nyumba ana haki ya kusaidiwa. Lakini ukisimama kuwaita watu vitani kwa jina la huruma, anza kuandika jina lako, kisha la mtoto wa mama yako. Ukiona mkono unakuwa mzito, keti. Kisha chukua maji ukawaoshe majeruhi, kwani hiyo nayo ni kazi ya Mungu. Waulize unaotaka kuwaokoa wanaomba nini. Na kabla bunduki ya kwanza haijatoka, ujue ni nani atakayeirudisha, na kama atasikilizwa. Usipokuwa na jibu, hotuba yako, hata ikiwa ya kweli tupu, watailipia watoto wa wengine.

Mungu aliyekupa ulimi akupe na hofu ya kuuzuia. Akuzeeshe ukiwa bado unaweza kumtazama machoni kila mama wa kijiji chako. Amina.